Kabari Kubwa ya Nyumba ya Chapa

Kalamu ya mkaguzi ilikuwa bado inaviringika pale tulipoiacha Jumamosi iliyopita, na kwa jinsi nilivyosemwa wiki nzima kwa kuikatisha njiani, leo naimalizia safari yake kabla ya lolote.

Ilifika ukingoni mwa meza ikadondoka. Sakafuni haikutulia. Ikaendelea taratibu juu ya mbao, kama mtu anayejua anakokwenda, mpaka katikati kabisa ya ukumbi wa ghorofani. Hapo ikasimama.

Hakuna aliyekuwa ameigusa.

Na wewe ambaye gazeti hili limekufikia likiwa limefungia sabuni, usijali, hujachelewa. Mzee mchapaji alifariki akaacha jumba kongwe la ghorofa moja, mtambo wa chapa mzito kuliko dhambi, na watoto wawili ambao wakikubaliana kuwa mvua inanyesha basi ujue wote wawili wamelowa. Binti yake wa mwisho, Kitindamimba, amegeuza jumba kuwa ofisi ya pamoja: meza ndefu, intaneti, kahawa, kila mtu na kompyuta yake na shida zake. Kaka Mkubwa anataka liuzwe kwa Bwana Maegesho, ambaye hununua nyumba za zamani akazilaza chini ili magari yapate pa kusimama.

Mapatano yao ni mafupi. Mkaguzi wa majengo akitia sahihi kibali leo kabla ya saa sita mchana, jumba linabaki. Asipotia, linauzwa.

Na Mama yao, ambaye miguu ilimgomea siku nyingi na anatembelea kiti cha magurudumu, bado anaishi humo humo, chumba cha nyuma ghorofani. Ndiyo maana Kitindamimba anapigana. Anasema Mama hatang'olewa kama mche.

Haya. Kalamu imesimama.

"Meza yenu haijakaa sawa," mkaguzi alisema. Ni mtu mrefu, mkimya, shati lake limepigwa pasi hadi kola imekuwa kadibodi. Kibali kilikuwa wazi mbele yake, kimebakiza sahihi tu.

"Meza ni mpya," alijibu fundi mkuu. "Meza haina neno." Fundi huyu jina la kuzaliwa analo, lakini mtaa mzima unamwita Fundi Kesho, na ukishamwajiri huulizi kwa nini.

"Kama meza haina neno, tatizo ni nini?"

"Kesho naweka karatasi chini ya mguu, bwana mkaguzi. Haitoki tena."

Wapangaji wa kwanza, vijana wa kompyuta waliokuja mapema kuchagua viti vya dirishani, wakacheka. Kitindamimba naye alicheka, huku akienda kuiokota kalamu.

Alipochuchumaa, akaacha kucheka.

Kutoka chini pale aliiona sakafu jinsi ilivyo. Haikuwa imelala. Ilikuwa imebonyea katikati, kama kitanda cha kamba kilichozoea mtu mmoja. Akaweka kiganja juu ya ubao. Ubao ulikuwa unatetemeka kidogo kidogo, kama ubavu wa ng'ombe anayepumua.

Tiki.

Sauti ilitoka upande wa chumba cha mikutano, kwenye kile kioo kipya kirefu alichokuwa anajivunia kuliko vyote. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa unapanda kutoka pembeni. Ulipanda, ukapumzika, ukapanda tena.

Mkaguzi alikuwa amempa mgongo. Amenyoosha mkono nyuma, bila hata kugeuka, anangojea kalamu yake.

"Leta basi, dada. Nina jengo jingine."

Hapo sasa, msomaji wangu, ndipo palipo na kazi. Akimpa kalamu, sahihi inamwagika, jumba ni lao, Mama analala kwake leo na kesho. Kisha watashuka taratibu, mafundi wataitwa, dunia haitajua. Ni kiasi cha kuinua mkono tu.

Mlangoni pa ngazi alisimama Kaka Mkubwa, mikono mfukoni, akimwangalia. Mwisho wa ukumbi, kwenye mlango wa chumba cha nyuma, Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, naye akimwangalia. Mama hakuwa na mshangao wowote usoni. Likumbuke hilo.

Kitindamimba aliiweka kalamu mfukoni mwake mwenyewe.

"Bwana mkaguzi, usitie sahihi. Tunashuka wote. Piteni ukutani, mmoja mmoja. Asikimbie mtu."

Vijana wakatazamana.

"Na kompyuta?" aliuliza binti mmoja mchoraji wa matangazo.

"Iache."

"Kazi yangu yote imo."

"Basi ibebe, na mdomo ubebe pia."

Walishuka wakiwa wameubana mgongo ukutani kama wezi wa kwenye katuni. Mkaguzi alikuwa wa mwisho wao. Alipopita karibu na kioo akausikiliza ule ufa kama daktari anayesikiliza kifua, na uso wake ukabadilika rangi.

"Mama," Kitindamimba aliita. "Usivuke. Kaa hapo hapo."

"Nani kakwambia navuka?" Mama alijibu.

Akarudi nyuma na kiti chake, akafunga mlango.

Na chumba kile, kama unavyokumbuka, hakina ngazi yake. Njia ya kutoka ni moja: kukatiza ukumbi, juu ya mbao zile zile.

* * *

Chini, mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa sababu yalionekana.

Boriti kubwa ya jumba hupita katikati ya ukumbi wa chini kutoka ukuta hadi ukuta. Kitindamimba aliipaka rangi nyeusi na kuimulika kwa taa ndogondogo, ili wageni wasifu mambo ya kale. Sasa taa zile zilikuwa hazipo kwenye mstari. Zimefanya tumbo.

"Nguzo zako za kuegemeza ziko wapi?" mkaguzi alimuuliza Fundi Kesho.

"Nimezirudisha kwa mwenyewe asubuhi."

"Kwa nini?"

"Ili ukumbi upendeze."

"Kwa hiyo kazi ya kesho ndiyo uliyoifanya leo."

Siku moja katika maisha yake Fundi Kesho aliwahi, na ndiyo hiyo.

Mkaguzi alipiga simu kwa kikosi cha uokoaji. Walimwambia wako njiani, ila njia imejaa magari. Akaweka mkono mbele kama polisi wa barabarani. "Juu hapandi mtu. Chini ya boriti hapiti mtu. Tunasubiri."

"Mama yangu yuko juu."

"Nimemwona. Kila atakayekwenda kumbeba anaongeza uzito wake juu ya ule uliopo. Unataka nikuruhusu?"

Kitindamimba alimgeukia kaka yake. Kaka Mkubwa alikuwa haangalii boriti. Alikuwa anaangalia dirishani, kwenye mtambo wa chapa.

Mtambo ule kwa miaka yote ulikaa katikati ya ukumbi, mweusi, mrefu kuliko mtu, umeota mizizi ya mafuta. Kitindamimba aliuhamisha juzi. Fundi Kesho na watu wake waliunyanyua kwa mitaimbo, wakauviringisha juu ya mabomba ya chuma hadi dirishani, wakauwekea taa. Wageni wanapenda kupiga picha na kitu kizee, mradi wao si wazee.

"Umewaza nini?" alimuuliza kaka yake.

"Ndio uliokuwa umebeba nyumba," alisema Kaka Mkubwa.

"Nini?"

"Mtambo. Ndio uliokuwa umeshika boriti."

Akaeleza kwa haraka, na nitakueleza kwa haraka vile vile. Mchapaji wa zamani alipanga herufi za madini ya risasi ndani ya fremu ya chuma, akazibana kwa kabari zisicheze. Mtu akibana herufi maisha yake yote, mwisho anaona dunia nzima ni fremu. Mlango ukilia, Baba anaweka kabari. Meza ikiyumba, kabari. Boriti ilipoanza kulegea, Kitindamimba akiwa bado anatambaa, Baba hakuita mjenzi. Alichonga kabari moja kubwa ya mti mgumu na nyingine ndogondogo za kusindikiza, akapanda juu ya mtambo, akazigongomea kati ya kichwa cha mtambo na boriti. Kisha akashuka akanawa mikono akaendelea kuchapa kadi za harusi.

"Hivyo vibao vilivyodondoka tulipousogeza?" Fundi Kesho alisema polepole.

"Ulivifanya nini?"

"Milango mipya inajifungafunga yenyewe. Nimeviweka chini ya milango."

Na milango ilikuwa inajifungafunga kwa sababu fremu zake zilikwisha pinda. Nyumba ilikuwa inawaambia tangu juzi, wao wakaiziba mdomo kwa kibao.

Lakini Kitindamimba alikuwa hasikii habari za milango.

"Ulikuwepo juzi," alimwambia kaka yake. "Ulisimama pale, na chai yako, ukatutazama tunauhamisha. Ukijua."

"Sikujua."

"Umenieleza hapa sasa hivi, mpaka kadi za harusi."

"Nisikilize, mdogo wangu."

"Ulitaka mkaguzi aje akute nyumba imepinda. Ulitaka tu nishindwe. Ukamsahau Mama."

Vijana wa kompyuta wakaangalia viatu vyao. Kaka Mkubwa alivuta pumzi. Ni mtu wa kupandisha sauti, watu wote wanamjua kwa hilo, lakini safari hii aliishusha.

"Kabla hamjaugusa nilipanda na tochi. Usiku wa kuamkia siku ile sikupata usingizi, nikasema ngoja nikaangalie kabari ya Baba. Haikuwepo. Ile kubwa. Pengo tupu. Vile vidogo vilikuwa vimejikalia tu kama takataka. Nikajua Baba mwenyewe aliitoa kabla hajafa, boriti ilikwisha tengenezwa, sina la kusema. Nikashuka nikanywa chai yangu."

"Kabari haina miguu, Kaka."

"Ndicho ninachokwambia."

"Mimi nadhani uliitoa wewe."

Juu yao boriti ikalia kama mlango wa stoo, na vumbi jeupe likashuka kama unga. Mkaguzi akatazama saa yake kisha barabarani. Kikosi hakikuonekana.

"Ule mtambo," mkaguzi alisema, kama mtu anayeongea na nafsi yake, "ukirudi pale ulipokuwa?"

* * *

Sasa nitakuonyesha jambo ambalo hutaliona kwenye tangazo lolote la ofisi.

Mtambo ulifungwa kamba nene ya Fundi Kesho. Kamba ikapita chini ya boriti, ikatoka mlango mkubwa, ikafika barabarani. Barabarani wakajipanga vijana wa kompyuta: mchoraji wa matangazo, mfasiri, mtu wa hesabu, na mmoja ambaye kazi yake hakuna aliyewahi kuielewa. Mikono laini, viatu vyeupe. Hivyo wangevuta kutoka nje, bila mtu kukaa chini ya hatari.

Isipokuwa mmoja. Mtambo hutembea juu ya mabomba, na kila bomba likitoka nyuma, lazima mtu alichukue alipeleke mbele. Mbele ni chini ya boriti.

"Nitaweka mimi," alisema Kitindamimba.

"Wewe hujui hata bomba linashikwaje," alisema Kaka Mkubwa, na kabla mkaguzi hajazuia akawa ameshavua koti na kuingia.

"Toka hapo," dada yake alimwambia.

"Si umesema niliitoa mimi? Basi niache niurudishe mtambo. Vuteni."

Nje, karibu kabisa na mlango, kwenye mteremko, lilisimama gari la fahari la Bwana Maegesho. Mwenyewe alikuwa ameshusha kioo anatazama vijana wanavyoteleza.

"Mnajichosha bure," alisema. "Kitu kinachotaka kuanguka, kiacheni kianguke. Na saa sita inakaribia."

"Sogeza gari, mzee, kamba inasugua," mfasiri alimwambia.

"Barabara ni ya umma."

Dereva wake, kijana mpole mwenye kofia, akajifanya anafuta kioo ili asionekane ana aibu.

Wakavuta. Mtambo ukagoma. Wakavuta tena, ukajikohoza, ukaja. Bomba la kwanza likatoka nyuma. Kaka Mkubwa akalichukua akakimbia nalo mbele, akalilaza, akaruka pembeni. La pili. Jasho lilimtiririka hadi puani. Juu, kitu kizito kikaporomoka ghorofani kwa kishindo cha vigae elfu. Kile kioo.

"Mama?" Kitindamimba alipiga kelele.

Sauti ya Mama ikaja, mbali, imetulia. "Nipo."

"Msiache kuvuta," alisema Kaka Mkubwa akiwa ameuma meno.

Sakafuni pale katikati lilikuwepo doa la mafuta lisilotoka kwa sabuni yoyote, na ndani ya doa mashimo ya bolti za zamani. Mtambo uliingia juu ya doa lake kama ng'ombe anayerudi zizini. "Simama," alisema Kaka Mkubwa, na kamba ikalegea, na vijana wote wakakaa chini barabarani kwa mpigo.

Lakini usishangilie. Kati ya kichwa cha mtambo na boriti kulikuwa na pengo. Jeki ya gari la Kaka Mkubwa ikapandishwa pale juu. Fundi Kesho, ambaye hofu ilikuwa imemfanya mtu mwingine kabisa, akaipampu polepole. Boriti ikalia, ikainuka unywele mmoja, ikainuka mwingine.

"Vibao," alisema.

Vijana wakakimbia mlango kwa mlango, na kila kibao kilipochomolewa mlango wake ukajifunga nyuma yao, pa, pa, pa, nyumba nzima ikawa kama inawapigia makofi ya kuwazomea. Fundi Kesho akazigongomea kabari ndogo kulia na kushoto. Zikashika pembeni. Katikati, penye mzigo wenyewe, pengo lilibaki wazi, limeshikwa na jeki peke yake.

Mkaguzi akawa wa kwanza kuona. Tone jeusi lilikuwa linashuka kwenye ubavu wa mtambo.

"Hayo ni mafuta ya mtambo?"

Fundi Kesho akanusa kidole. "Ya jeki. Inavuja. Inashuka."

"Toa, weka ubao."

"Ubao gani? Huu mlaini utapasuka. Hapa panataka mti mgumu, na uwe na mwinamo wake. Yaani panataka ile ile iliyokuwepo."

"Kaka," Kitindamimba alisema. "Kama unajua ilipo, sema sasa. Sitakuuliza kwa nini. Nakuapia sitauliza."

"Wallahi sijui."

Jeki ikashuka. Boriti ikaifuata.

Mlangoni alikuwa amesimama yule dereva mwenye kofia. Alikuwa amekuja kutazama kama watu wengine. Alitazama pengo, akatazama kabari ndogo zilivyochongwa, akageuka akatoka mbio.

Bwana Maegesho alimwona anainama nyuma ya gari. "Wewe, unafanya nini?"

Dereva alipiga teke mara mbili chini ya gurudumu, akatoka na kitu kizito kifuani, akarudi ndani anakimbia. Nyuma yake gari la Bwana Maegesho, ambalo breki zake za mkono ni za mapambo, likaanza kuondoka lenyewe. Taratibu, kama kalamu. Mwenyewe akiwa ndani, ameng'ang'ania usukani kutoka kiti cha pembeni, akisema maneno ambayo mhariri wangu hayachapi. Likashuka mteremko, likapinda kwa adabu, likaingiza gurudumu moja mtaroni. Likatulia.

Ndani hakuna aliyegeuka kuangalia.

"Hiki kitafaa?" dereva aliuliza.

Kilikuwa kigogo cheusi cha mti mgumu, kinene upande mmoja, chembamba upande mwingine. Fundi Kesho hakuuliza maswali. Alikipachika, akachukua nyundo kubwa, akapiga. Kikaingia. Akapiga. Kikalia sauti ya juu, kama kengele. Akapiga mara ya mwisho, nyundo ikarudi nyuma kama imegonga mwamba.

Jeki ikashuka hadi mwisho wake na kulala ubavu. Boriti haikuifuata.

* * *

Mkaguzi alipanda juu peke yake, akipita ukutani. Walimsikia anatembea juu ya vigae vya kioo. Walimsikia anasimama. Alipoonekana tena kwenye ngazi alinyoosha mkono, na safari hii Kitindamimba hakusita. Akampa kalamu.

Akarudi juu. Wakasikia kalamu inawekwa juu ya meza.

Walisubiri. Haikuviringika.

"Sahihi sitii leo," alisema aliposhuka. "Nataka nguzo ya chuma ya kudumu na mhandisi wa kuiwekea dhamana. Lakini jumba silifungi. Mtu aliyekataa kunipa kalamu yangu nitamrudia."

"Lakini saa sita imepita," Kitindamimba alisema, akimtazama kaka yake.

Kaka Mkubwa alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mtambo, mikono imechubuka hadi viwiko. "Saa yangu imesimama," alisema. "Siuzi."

"Kaka, yale niliyokwambia."

"Uliyasema mengi. Chagua moja uniombe msamaha, mengine tutayala polepole."

Akacheka. Dada yake akacheka huku analia, vijana wakapiga makofi, na ningependa sana kuishia hapo nikapate chai yangu.

Bwana Maegesho aliingia akiwa na tope hadi magotini.

"Nimesikia mtu anasema hauzi," alisema.

"Mimi," alisema Kaka Mkubwa. "Sikuuzii tena. Nenda katafute nyumba nyingine ya kulaza."

Bwana Maegesho akajipangusa suruali kwa kitambaa, bila haraka.

"Nani kakwambia nanunua kwako?"

Hapo ndipo Kitindamimba alipotazama juu, kwenye kile kigogo cheusi. Ubavuni mwake ilichongwa herufi moja iliyogeuzwa nyuma mbele, kama zinavyokaa herufi za chapa. Baba aliichonga hivyo kwenye kila chombo chake. Kabari kubwa. Ile iliyotembea bila miguu.

Alimgeukia dereva. "Ndugu yangu, hiki umekitoa wapi?"

Dereva akavua kofia. "Si humu humu? Nilikitoa hapo hapo mlipokirudisha. Muda kidogo sasa, kabla mtambo haujahamishwa. Bosi alikuja kuzungumza, nikaambiwa nipande nikichomoe kwa nyundo, ati kinasumbua. Nikakifanya kigingi cha kuzuia gurudumu la gari."

"Nani alikwambia?" aliuliza Kaka Mkubwa. "Bosi wako?"

"Bosi? Hapana. Bosi hata hakujua."

Akainua macho kwenye dari, polepole, kwa heshima, kama mtu anayeonyesha mkubwa bila kumnyooshea kidole.

Juu ya vichwa vyao mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Magurudumu ya kiti cha Mama yakatoka, yakasaga vipande vya kioo, yakaja juu ya mbao bila kusita hata kidogo. Yakafika katikati ya ukumbi. Yakasimama pale pale juu ya boriti.

"Mmeirudisha?" Mama aliuliza kutoka juu.

"Ndiyo, Mama," alijibu Kitindamimba.

Bwana Maegesho aliacha kujipangusa.

"Basi ichomoeni. Anayeuza ni mimi."